Betri za silikoni: je, kinywe cha Mererani kitakosa soko, na maganda ya mpunga ya Chekereni yana kazi gani?

FundiSakina

Habari za wakati huu, wanajamvi. Mimi ni fundi wa simu na wa betri za pikipiki za umeme hapa Sakina, Arusha. Siku hizi naletewa simu nyembamba zenye betri ya mAh 6,000 (miliampea-saa, kipimo cha chaji) na zaidi, na wauzaji wanaeleza kwamba siri yake ni anodi (upande hasi wa betri) ya silikoni "inayobeba mara kumi ya zile za zamani". Nikiiweka betri hiyo mezani pembeni ya betri ya kawaida yenye ukubwa uleule, naona imezidi kwa asilimia kumi na kitu, pengine ishirini, wala si mara kumi.

Naomba wenye elimu ya jambo hili wanieleweshe hiyo mara kumi inapotelea wapi. Pia nina mteja aliyeweka mtaji wake kwenye mawe ya Mererani, kule kwenye machimbo ya tanzanaiti, ambaye ameanza kuulizia kama kinywe, hii grafaiti yetu, itakosa mnunuzi. Na kuna ndugu yangu wa Chekereni, mwenye mashine ya kukoboa mpunga, ambaye ametumiwa video zinazodai kwamba maganda yanatoa silikoni ya betri. Ameshaanza kuyajaza kwenye viroba. Nimemwambia aingie humu aulize mwenyewe.

MwalimuKemia_Moshi

Fundi, hiyo "mara kumi" haikutungwa na muuzaji. Imechukuliwa mahali pa kweli, ila imeng'olewa kutoka kwenye sentensi yake. Tufanye hesabu pamoja, kwa sababu ni ya kidato cha nne tu.

Kwenye kinywe, ambacho ndicho anodi ya betri za kawaida, kila atomi sita za kaboni hupokea ayoni (atomi yenye chaji) moja ya lithiamu. Atomi sita za kaboni zina uzito wa gramu 72 kwa kila moli, na moli moja ya chaji ni mAh 26,801. Ukigawanya unapata mAh 372 kwa gramu, na hapo ndipo penye dari ya kinywe. Silikoni haipokei lithiamu kwa kuiingiza katikati ya matabaka. Inaungana nayo kuwa aloi. Kwenye joto la kawaida atomi nne za silikoni hubeba lithiamu 15, yaani 3.75 kwa kila atomi, na kwa kuwa uzito wa silikoni ni 28, jibu ni karibu mAh 3,580 kwa gramu. Ile 4,200 inayotajwa mara nyingi ni ya aloi inayopatikana kwenye joto la nyuzi 400 hivi, na hakuna mtu anayechaji simu kwenye tanuri.

Kwa hiyo anodi peke yake, ndiyo, ni karibu mara kumi. Lakini betri ina upande wa pili, yaani kathodi. Tuchukue kathodi nzuri ya nikeli inayotoa mAh 200 kwa gramu. Ili kuhifadhi ampea moja kwa saa moja unahitaji gramu 5 za kathodi na gramu 2.7 za kinywe, jumla gramu 7.7. Ondoa kinywe chote, weka silikoni tupu: kathodi inabaki gramu 5, anodi inashuka hadi gramu 0.28, jumla 5.28. Umepunguza uzito kwa asilimia 31, na hapo bado hatujahesabu karatasi za shaba na alumini, elektroliti (kimiminika kinachopitisha ayoni), wala ganda, ambavyo havijali umeweka nini ndani. Isitoshe, silikoni hufanya kazi kwenye volti iliyo juu kidogo ya ile ya kinywe, kwa wastani kama 0.3, na kila kinachoongezeka upande wa anodi kinakatwa kwenye volti ya seli nzima.

Sasa tazama jambo ambalo matangazo hayalisemi. Changanya asilimia 10 tu ya silikoni, kwa uzito, na asilimia 90 ya kinywe. Mchanganyiko huo unabeba karibu mAh 690 kwa gramu, na gramu 1.44 zinatosha kwa ampea-saa ileile. Jumla inakuwa 6.44. Kati ya gramu 2.42 ambazo silikoni tupu ingekuokolea, 1.26 umeshazipata kwa ile asilimia 10 ya kwanza. Nusu ya faida yote imo kwenye kijiko cha kwanza, na matatizo yanaongezeka kwa kila kijiko kinachofuata. Ndiyo maana betri unazopima kwenye meza yako zimezidi kwa asilimia kumi na kitu: watengenezaji wengi wameishia kwenye kuchanganya, nami naona wamefanya busara.

FundiSakina

Asante sana, Mwalimu, hesabu hiyo nimeielewa. Ila umetaja matatizo halafu ukayaacha. Mimi kila wiki nafungua simu ambazo betri imevimba hadi imeinua kioo. Nimesoma kwamba silikoni inavimba. Je, ndiko kuvimba huku, ili nijiandae?

MwalimuKemia_Moshi

Hapana, ni mambo mawili tofauti. Kile unachokiona wewe ni gesi. Elektroliti imeharibika ndani ya mfuko, gesi haina pa kutokea, mfuko unafura kama mto. Kuvimba kwa silikoni ni kwa chembe yenyewe: ikijaa lithiamu, ujazo wake unakuwa karibu mara nne ya ule wa mwanzo, ilhali kinywe huongezeka kwa asilimia 10 hivi tu. Ikitoa lithiamu inasinyaa. Hilo hutokea kila unapochaji na kila unapotumia.

Chembe kubwa hupasuka kwa mwendo huo. Watafiti waliotazama kwa darubini ya elektroni waliona kwamba chembe ya silikoni yenye kipenyo cha chini ya nanomita 150 hivi huvumilia bila kupasuka, na ndiyo maana kila mtu alikimbilia udogo. Mwaka 2008 kundi la Yi Cui pale Stanford lilionyesha nyuzi nyembamba za silikoni zilizooteshwa moja kwa moja juu ya bamba la chuma, kila uzi ukiwa na nafasi ya kunenepa bila kumsukuma jirani. Kampuni ya Amprius ilitokana na kazi hiyo.

Lakini kupasuka ndiyo nusu nyepesi ya tatizo. Nusu nzito ni utando. Katika kila betri ya lithiamu, mara ya kwanza inapochajiwa, elektroliti huvunjika juu ya anodi na kuacha utando mwembamba unaopitisha ayoni na kuzuia mvunjiko zaidi. Utando huo hutengenezwa kwa lithiamu iliyotoka kwenye kathodi, na lithiamu hiyo hairudi. Kwenye kinywe utando unatulia. Kwenye silikoni, chembe inanenepa, utando unachanika, sehemu mpya inakutana na elektroliti, utando mwingine unajengwa, lithiamu nyingine inakwenda. Ukipoteza nusu asilimia tu kila mzunguko, baada ya mizunguko 100 umebakiwa na asilimia 61. Ukitaka kubakiwa na 90 baada ya mizunguko 1,000, hasara ya kila mzunguko isizidi sehemu moja kati ya elfu kumi. Kazi yote ya uwanja huu ni kuitafuta hiyo sehemu moja kati ya elfu kumi.

BintiTengeru

Shikamoo, Mwalimu. Ninasoma shahada ya uzamili ya sayansi ya maada hapa Tengeru, na ningependa kuongeza jinsi watu wanavyolikabili hilo, kwa sababu linagusa swali la maganda.

Mwenye kuloweka maharage hajazi sufuria hadi ukingoni. Anaacha nafasi ya kufura. Betri za sasa za simu zinafuata akili hiyohiyo. Wanatengeneza kwanza kaboni yenye vitundu vya nanomita chache, kisha wanapitisha gesi ya silani, yaani gesi ya silikoni na haidrojeni, nayo inavunjika na kuacha silikoni ndani ya vitundu, bila kuvijaza vyote. Silikoni inapofura, inafuria ndani ya kitundu chake, na uso wa nje wa chembe ya kaboni, ambako ndiko utando ulipo, hautikisiki sana. Kampuni za Marekani kama Group14 na Sila zimejenga kazi zao juu ya wazo la namna hii, na simu ya Honor Magic5 Pro ya soko la China, mwaka 2023, ilikuwa miongoni mwa za kwanza kuuzwa ikiwa na betri ya silikoni na kaboni, yenye mAh 5,450.

Kuna njia ya pili, ya oksidi ya silikoni, ambayo imetumika kwa miaka mingi kwa kiasi kidogo ndani ya anodi za kinywe. Hiyo hufura kidogo, lakini oksijeni yake inameza lithiamu nyingi kwenye chaji ya kwanza, robo au zaidi ya yote iliyoingia, na usipoilisha lithiamu ya ziada mapema kiwandani, unalazimika kuongeza kathodi ya kufidia.

Gundi inayoshikanisha chembe za anodi nayo isidharauliwe. Gundi ya kawaida ya upande wa kathodi hushika kwa mguso hafifu na huachia silikoni ikianza kunenepa. Gundi za selulosi na za asidi ya poliakriliki, zinazoyeyuka kwenye maji, hushikamana na uso wa silikoni kikemia na hudumu zaidi. Ni badiliko la bei nafuu lililosaidia kuliko mabadiliko mengi yenye majina makubwa.

Mwanaapolo_Mstaafu

Nimesoma kwa makini. Sisi wa Mererani tulikuwa tunatoka shimoni weusi tunang'aa kwa kinywe, tukakiosha na kukimwaga ili tuone jiwe la buluu, kwa hiyo suala hili linanigusa. Mwalimu amesema betri nyingi zinachanganya, na wengi watafurahi kusikia kwamba asilimia 90 bado ni kinywe. Lakini hesabu yake mwenyewe inasema jambo lingine: gramu 2.7 za kinywe kwa ampea-saa zimekuwa 1.44, na asilimia 90 ya hiyo ni gramu 1.3. Hiyo ni nusu. Soko limekatwa katikati na kijiko hichohicho kimoja.

MwalimuKemia_Moshi

Mzee wangu, hesabu yako ni sahihi na nashukuru umeisema kabla ya mwenye mtaji kuisikia kwa dalali. Kwa kila ampea-saa, kinywe kinapungua kwa nusu. Hata hivyo, mwambieni mwenye mtaji kwamba silikoni si mshindani wake wa kwanza. Mshindani wake wa kwanza ni kinywe cha kiwandani kinachopikwa kutokana na mabaki ya mafuta ya petroli, ambacho tayari kimo kwenye betri nyingi za magari. Wa pili ni hatua zilizopo kati ya mgodi na betri. Kinywe cha mgodini ni vipande bapa. Kiwanda cha anodi kinataka vidonge vya mviringo vyenye usafi wa asilimia 99.95, na katika kuviringisha huko, nusu ya mali au zaidi hugeuka vumbi la bei ya chini. Kazi hiyo hufanyika karibu yote China, na tangu Desemba 2023 nchi hiyo inadai vibali kwa kinywe cha aina hiyo kinachouzwa nje yake.

Jambo jingine: vipande vikubwa, kama vinavyosifika huku kwetu na kule Mahenge, hununuliwa kwa bei nzuri zaidi na watengenezaji wa matofali ya tanuri za chuma. Betri huchukua vile vidogo. Anayechimba vipande vikubwa ana mteja asiyejua habari za silikoni wala hana haja nazo.

Nitoke nje ya mada kidogo. Aliyeonyesha mwaka 1980 kwamba lithiamu inaweza kuingia kwenye kinywe na kutoka ni Rachid Yazami, Mmoroko aliyekuwa akifanya kazi Grenoble, Ufaransa. Wanafunzi wangu wanajua waliopata Nobeli ya 2019 kwa betri hizi, yaani Goodenough, Whittingham na Yoshino, lakini Mwafrika huyu hawamjui.

MpungaChekereni

Nimeingia, kama nilivyoelekezwa. Nina mashine ya kukoboa karibu na skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi, na baada ya mavuno rundo la maganda linapita urefu wa paa. Wenye kuku wanachukua ya kutandaza, wachoma matofali wanachukua, yanayobaki tunayachoma. Nimeelezwa kwamba ndani yake mna silikoni. Naomba jibu la moja kwa moja: ni kweli au si kweli, na nikitoa tani moja ya mpunga napata nini?

BintiTengeru

Shikamoo, Mzee. Ni kweli, lakini kilichomo ni silika, ambayo ni silikoni iliyofungwa na oksijeni, kama mchanga. Mpunga hunyonya silika kwenye maji ya shamba na kuihifadhi kwenye ganda. Kwa makadirio ya kawaida, tani moja ya mpunga hutoa kilo 200 za maganda. Ukiyachoma unapata kilo 40 hivi za majivu, na sehemu kubwa sana ya majivu hayo ni silika. Kama kila kitu kingekwenda bila hasara, mngepata silikoni ya kilo 16 au 17.

Nieleze namna inavyofanyika, kwa sababu video hukatwa hapa. Maganda huoshwa kwanza kwa asidi, kwa kuwa potasiamu iliyomo huyeyusha silika na kuifungia kaboni ndani, ukaishia na majivu ya kijivu yasiyosafishika. Kisha yanachomwa kwenye nyuzi 600 au 700, yasizidi sana, yabaki meupe na laini. Baada ya hapo unga huo unachanganywa na unga wa magnesiamu na kuwekwa kwenye tanuri iliyofungwa, yenye gesi ya agoni, hadi nyuzi 650 hivi. Magnesiamu huichukua oksijeni, silikoni inabaki. Mmenyuko huo hutoa joto lake wenyewe, jingi kiasi cha kuyeyusha vitundu vizuri tulivyorithi kutoka kwenye ganda, kwa hiyo huongezwa chumvi ya kawaida ili inyonye joto hilo.

Kinachotoka ni bonge la kijivu cheusi. Ukilitia kwenye asidi ili kuondoa oksidi ya magnesiamu, utasikia milipuko midogo na kuona vicheche juu ya kimiminika: hiyo ni silani, inayotokana na magnesiamu iliyozidi na kuungana na silikoni, nayo huwaka ikigusa hewa tu. Mtu asijaribu jambo hili jikoni wala kwenye banda la mashine. Mwishoni unabaki na unga wa kahawia hafifu, na huo kweli ni silikoni ya chembe ndogo inayofanya kazi kwenye anodi. Makala za watafiti kuhusu maganda ya mpunga zilianza kuonyesha hivyo mwaka 2013.

Sasa gharama. Kwa kila kilo ya silikoni unahitaji zaidi ya kilo 1.7 za magnesiamu, hata ukiwa huna hasara yoyote, na magnesiamu hiyo inaagizwa. Ongeza asidi, ongeza agoni, ongeza umeme. Ganda ndiyo sehemu ya bei rahisi kuliko zote katika mnyororo huu, na ndiyo sehemu pekee mliyo nayo. Wakati huohuo viwanda vya simu vinapata silani yao kutokana na silikoni iliyoyeyushwa kwa mawe ya kwatzi kwenye tanuri kubwa za umeme, kwa tani nyingi mno. Sioni namna ambayo kiroba cha Chekereni kitashindana na hilo kwa bei.

MpungaChekereni

Nashukuru kwa kunieleza bila kunipaka mafuta. Basi maganda hayana kazi?

BintiTengeru

Yana kazi, Mzee, ila si kwenye betri. Silika ile nyeupe na laini, kabla ya kuigusa na magnesiamu, huungana na chokaa na kuwa kama saruji. Majivu yaliyochomwa kwa joto la wastani na kusagwa vizuri yanaweza kuchukua nafasi ya sehemu ya saruji kwenye matofali ya kufyatua. Rundo linalochomwa ovyo halifai: katikati yake joto hupanda sana, silika inageuka fuwele, haishiki tena na chokaa, na vumbi lake huharibu mapafu kama vumbi la mgodini. Wafanyakazi wenu wasiyachekeche majivu hayo bila kufunika pua na mdomo.

DerevaWaPorini

Naomba kuuliza kwa kifupi. Kuna magari ya utalii hapa Arusha yaliyobadilishwa kuwa ya umeme. Je, betri za silikoni zitatufaa kwa safari ndefu za hifadhini?

MwalimuKemia_Moshi

Kwa gari zito linalokwenda polepole na kurudi kambini jioni, uzito wa betri si kikwazo kama idadi ya mizunguko na bei. Silikoni nyingi hulipa pale ambapo kila gramu ina thamani: seli za Amprius zimetumika kwenye Zephyr, ndege isiyo na rubani inayopaa juu sana kwa umeme wa jua. Kwa pikipiki za bodaboda ninasema vivyo hivyo. Seli za chuma na fosfeti zenye anodi ya kinywe ni nzito, lakini zinavumilia maelfu ya mizunguko, na dereva wa bodaboda anachaji kila siku.

FundiSakina

Ninayo ya mwisho, ya mezani kwangu. Mteja akileta simu yenye betri ya silikoni iliyokufa, nikipata ya kawaida inayoenea, nimfungie? Na mwenye betri nzima nimshauri nini?

MwalimuKemia_Moshi

Usifunge kwa sababu tu imeenea. Linganisha kwanza volti ya juu iliyoandikwa kwenye seli. Nyingi za hizi mpya huchajiwa hadi karibu volti 4.5, na ukiweka ya zamani inayoishia 4.35 kwenye simu inayosukuma 4.5, utakuwa unaichaji kupita kiasi kila siku, na hatari yake unaijua kuliko mimi. Ukigeuza, ya silikoni kwenye simu ya zamani, haitaleta hatari hiyo lakini faida utaipoteza: volti yake hushuka kwa mteremko, na sehemu kubwa ya chaji ya silikoni iko chini, mahali ambapo simu ya zamani imeshajizima.

Hilo ndilo linalojibu na swali lako la ushauri. Katika anodi ya mchanganyiko, silikoni ndiyo ya mwisho kutoa lithiamu yake, kwa hiyo msinyao mkubwa hutokea betri inapokaribia kuisha. Mwenye simu hiyo asiizoeshe kufika asilimia sifuri. Aichaji ikiwa bado na 20 au 30. Na wewe usinunue betri hizi nyingi za akiba na kuziweka kabatini, maana silikoni huendelea kula elektroliti hata ikiwa imekaa tu bila kutumiwa. Agiza mteja anapokuja.

MpungaChekereni

Binti, mtu akikuletea gunia la maganda hapo Tengeru unaweza kumwonyesha namna ya kuyachoma hayo majivu meupe? Kijana wangu anafyatua matofali pale Mabogini na saruji inamlemea.

BintiTengeru

Ninaweza, Mzee. Aje na maganda makavu, yasiyochanganyika na pumba laini wala udongo wa sakafuni, na aje pia na chokaa anayoitumia. Tutafyatua matofali machache ya kujaribia, tuyaache yakae mwezi mzima chini ya magunia yenye unyevu, kisha tuyapime kabla hajapunguza hata ndoo moja ya saruji kwenye kazi ya mtu.